Pua ya Jikoni

Kelele ya kwanza ilimkuta mama mzee aitwaye Inspekta kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, akitaka kuuliza kama maji yamechemka. Piiii! Kijisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho mkwe wake alikibandika ukutani jana yake jioni, kiliwasha taa nyekundu kikaanza kulia kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango.

"Gesi!" mkwe akapaza sauti, akaurukia mtungi na kuufunga. "Nje! Nje wote! Mtu asiguse swichi!"

Mtoto wa Inspekta, ambaye ni kinyozi na asubuhi hiyo alikuwa anajinyoa mwenyewe, alitoka bafuni na taulo kiunoni na povu kwenye shavu moja. Akawa anashuka ngazi huku akigonga mlango wa kila jirani. Jengo zima likamwagika uani: watu na miswaki midomoni, mmoja na kiatu cha mguu mmoja, mwingine amekumbatia televisheni. Wa mwisho kushuka alikuwa Inspekta.

"Tangulieni, tangulieni," alikuwa akisema, "mimi naangalia kama kuna aliyebaki."

Hakuwa anaangalia mtu yeyote. Alikuwa anashuka kwa ubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani, maana magoti yalikuwa yanamwaka moto.

Mkwe alifungua madirisha yote, akangoja, kisha akamwita mumewe juu. "Niletee hilo povu," akamwambia. Akalikwangua kwenye shavu lake kwa kidole, akalipaka kwenye viungo vya mpira wa gesi, akachuchumaa kutazama. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Hakukuwa na kinachovuja.

"Sasa kilichokuwa kinalia ni nini?" aliuliza fundi cherehani wa ghorofa ya juu, mwanamke mwenye macho makali na ulimi usiopenda kukaa bila kazi.

"Ni majaribio tu, dada," alisema mkwe, aliyekuwa ameshashuka uani. "Bado tunakizoesha."

"Mnakizoesha kupiga mayowe? Na mimi nimeacha pasi juu ya suruali ya watu!" Akapanda ngazi mbio, na muda si mrefu harufu ya kitambaa kilichoungua ikalifikia jengo zima. Kijisanduku, kwa harufu hiyo, kilinyamaza kimya.

&nbsp;

Jioni kikalia tena. Kesho yake asubuhi kikalia tena. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: kinyozi akiingia jikoni, kimya, mkwe akiingia, kimya, Inspekta akitia mguu, piiii!

"Hiki kidude kina neno na mimi," Inspekta alisema. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na jina la Inspekta lilimganda huko. Aliwahi kuwatoa abiria wasio na tiketi chini ya viti, chooni, hata ndani ya gunia. Kukaguliwa yeye, tena jikoni kwake, tena na kitu kisicho na kofia, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mkwe alikuwa mkemia. Yeye na wenzake kwenye maabara walikuwa wanatengeneza vifaa vya kunusa gesi, na kila mmoja alipewa kifaa chake akijaribu kwenye nyumba inayoishi watu. Baada ya chakula aliweka kompyuta mezani, akaonyesha mistari miwili iliyopanda na kushuka kama vilima.

"Ndani mna punje mbili za unga wa madini ya bati," akaeleza. "Zinapashwa moto muda wote. Oksijeni iliyomo hewani inakuja inakaa juu ya punje, inakamata umeme wake na kuushikilia."

"Kama abiria aliyeng'ang'ania kiti," alisema Inspekta.

"Hivyo hivyo, Mama. Viti vikishikwa, umeme haupiti vizuri. Sasa gesi ya kupikia ikivuja, inamfuata yule abiria, wanashikana, wanaondoka wote wawili. Kiti kinabaki wazi, umeme unapita, kengele inalia."

"Kwa hiyo kidude hakimjui aliyekuja. Kinajua tu kwamba viti vimeachwa wazi."

Mkwe akacheka kwa furaha. "Ningekuwa na wanafunzi kama wewe! Ndiyo maana nimeweka punje mbili, kila moja nimeichanganyia kitu chake. Hii ya kwanza inashtuka zaidi kwa gesi ya jikoni. Hii ya pili inashtuka zaidi kwa..." Akatazama mistari. Kicheko kikamkauka.

"Kwa kitu gani?" kinyozi akauliza.

"Kwa mvuke wa spiriti. Kileo."

Kinyozi alimtazama mama yake, kisha akaitazama chumvi, kana kwamba chumvi ndiyo ingejibu.

Inspekta alifahamu mara moja. Chini ya godoro lake kulikuwa na chupa ya dawa ya kuchua, nusu yake spiriti, ambayo alijipaka magotini kila asubuhi na jioni kabla ya kutoka chumbani. Na kidude chenyewe kilibandikwa chini, usawa wa magoti, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito na hutambaa sakafuni. Angeweza kusema. Neno moja tu, mambo yaishe.

Lakini kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na wiki chache nyuma alimsikia mkwe akimwambia mumewe, "Ngazi hizi zikimshinda Mama, itabidi akaishi kwa mama mdogo. Kule ni chini." Mama mdogo alikuwa mdogo wake Inspekta, mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwita Redio. Alianza kuongea akifungua macho, na hata usingizini alimalizia habari za mchana. Inspekta alimpenda sana mdogo wake, akiwa mbali.

Akapima. Kuwa mgonjwa wa magoti, akapelekwa kwa Redio. Au.

"Kidogo tu," akasema, akiinamisha kichwa. "Naonja kidogo tu."

&nbsp;

Ulevi, aligundua, una adha zake. Kinyozi alianza kusema naye kwa sauti ya hospitali. "Mama, sisi tunakupenda hivyohivyo ulivyo," alimwambia, mikono yake yote miwili imeushika mmoja wa mama yake. Aliiondoa kinyozini chupa ya spiriti ya kusafishia mashine, mama asije akaifikia, akaificha kwa muuza mkaa, na siku hiyo wateja wake wote wakatoka na vipele shingoni.

Fundi cherehani naye alikuwa amezipata habari, kwa kuwa kuta ni nyembamba pande zote. Walipokutana kwenye kamba ya nguo alimpa Inspekta pipi kali ya kifua na kumkonyeza. "Inakata harufu, mama yangu. Mume wangu zilimsaidia." Muuza duka, ambaye zamani alimwamkia kwa heshima zote, sasa alimwinamia juu ya mizani na kunong'ona, "Usiache ghafla, mama. Punguza polepole. Kaka yangu aliacha ghafla akaanza kuongea na kuku."

Inspekta alimeza yote hayo. Alikuwa hajawahi kuonja hata tone, na mara nyingi aliwashusha walevi kwenye treni kwa kuwashika ukosi. Sasa watoto wa jengo walimpisha kwenye ngazi huku wakichekea viganjani.

Lakini kulikuwa na faida moja ambayo hakuitegemea. Aliweza kuchechemea. Miezi mingi alikuwa akijikaza anyooshe mguu mbele za watu huku machozi yakimlenga. Sasa aliyumba alivyotaka, akashika ukuta, akakaa kwenye ngazi katikati ya safari, akapumzika, na wapita njia walitikisa vichwa tu: "Maskini, leo amezidisha." Siku moja ilimchukua muda mrefu kushuka kiasi kwamba wasamaria wawili walimbeba mpaka chini wakimwimbia nyimbo za kumtuliza. Ulikuwa mteremko mzuri kuliko yote aliyowahi kushuka.

Asiyefaidika alikuwa mkwe. Inspekta alimkuta jioni moja amepiga magoti mbele ya kidude, bisibisi mdomoni, nywele timtim.

"Sielewi, Mama," alisema mkwe. "Sikulaumu, ni mambo yako. Lakini pumzi ya mtu aliyeonja kidogo, itokee mdomoni, ifike huku chini usawa wa goti, na bado ishtue namna hii? Haiwezekani. Labda unga wangu ni mbaya. Labda unashtuka ovyo. Nimeshausaga upya, nimeupunguza makali, bado."

"Labda mimi nina pumzi nzito," alisema Inspekta.

Mkwe hakucheka. "Mkuu wa maabara anakuja kuukagua. Akiona unalia kwa kila mtu anayepumua, wataacha wangu wachukue wa mwenzangu. Miaka yangu yote iko kwenye huu unga."

Inspekta akafungua kinywa. Magoti yakamdunda, kila moja kwa zamu, kama yanamkumbusha jambo. Akakifunga tena, akaenda kulala mapema. Hakulala.

&nbsp;

Siku iliyofuata mlango uligongwa, na kabla haujafunguliwa vizuri sauti ilikuwa imeshaingia.

"Dada yangu! Dada yangu wa damu! Nilipopigiwa simu nilikuwa nakaanga, nikazima jiko, hapana sikuzima, nilirudi nikazima, nikasema haiwezekani, dada yangu na chupa, wapi na wapi, nikapanga nguo, hivi viatu vimenibana lakini nikasema hata vikinibana..."

Ilikuwa ni Redio, na masanduku mawili.

"Nilimwita mimi, Mama," alisema kinyozi, akijificha kidogo nyuma ya mkewe. "Aje akae na wewe. Mpaka uache."

Inspekta akakaa kitini taratibu. Alikuwa amejitia ulevi ili asipelekwe kwa Redio, na sasa Redio ameletwa kwake, tena chumbani kwake, tena kitandani kwake, upande wa ukutani.

Kwa siku zilizofuata hakupata nafasi ya kuwa peke yake hata chooni, kwani Redio alisimama nje ya mlango akiendelea na habari. Dawa ya kuchua aliipaka kwa siri nyuma ya pazia, haraka haraka, na mdogo wake aliposema "Naisikia, Dada, naisikia harufu," Inspekta alijibu kwa unyonge, "Nilikuwa nimebakiza tone." Redio akalia kwa sauti. Hata kulia kwake kulikuwa na maelezo.

Kidude nacho kilikuwa hakina amani. Redio alipenda nywele zing'ae. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, penye mwanga, akajipulizia mafuta ya kung'arisha kutoka kwenye kopo mpaka jikoni kukawa na ukungu. Siku ya kwanza kidude kililia kupita kiasi. Siku ya pili kililia kidogo, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Baada ya hapo kikanyamaza, na kinyozi akasema, "Afadhali, kimemzoea mgeni."

&nbsp;

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamume mrefu mwenye tai fupi. Alifika akihema kwa ngazi, akanywa maji, akakataa kukaa.

"Tuone," alisema.

Mkwe alichukua kiberiti cha gesi, akakibonyeza bila kukiwasha, akakisogeza mbele ya kidude. Hakuna. Akakisogeza zaidi. Hakuna. Akakibandika kabisa. Taa ya kijani iliendelea kuwatazama kwa upole.

"Wiki iliyopita ulisema kinalia ovyo," alisema mkuu.

"Kilikuwa kinalia."

"Sasa hakilii hata mtu akikipulizia gesi usoni."

Mkwe aligeuka huku na huku akitafuta jibu, na macho yake yakalikuta kopo la Redio juu ya kabati. Akalichukua, akasoma maandishi madogo nyuma, midomo ikicheza. "Silikoni," akasema. "Hili ndilo limekiua. Mvuke wake ukigusa punje yenye moto unageuka utando kama kioo. Umefunika viti vyote. Hakuna anayekaa, hakuna anayeondoka."

"Mimi nimeua nini?" Redio akaruka. "Mimi sijaua mtu, mimi nilijipulizia tu, na hata hilo kopo sikulinunua, nilipewa na..."

"Hilo linajulikana, vifaa vya namna hii huharibika hivyo," alisema mkuu, akiinua mkono. "Linatibika kwa kichujio. Lakini zile kelele za kwanza je? Hazikuwa za mafuta ya nywele. Umeniambia mwenyewe: pumzi ya mzee mmoja aliyeonja. Kifaa kinacholiamsha jengo zima kwa pumzi ya bibi hatuwezi kukiuza. Samahani sana. Tutachukua wa mwenzako."

Mkwe hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mkuu," akaanza kukibandua kidude ukutani. Hakumtazama mama mkwe wake kabisa. Angemtazama, hata kwa jicho la pembeni, hata kwa lawama, pengine Inspekta angevumilia.

"Subiri," alisema Inspekta.

Akainuka. Akaenda chumbani akichechemea, akarudi na chupa, akaitua mezani. Kisha akavuta kiti katikati ya jikoni, akakaa, na mbele ya mwanawe, mdogo wake, na mwanamume mgeni mwenye tai fupi, akapandisha gauni mpaka juu ya magoti. Yalikuwa yamevimba kama maboga mawili.

"Mama!" kinyozi akafumba macho.

"Fumbua, hakuna usichokijua. Mimi sijawahi kulewa. Hii ndiyo ninayojipaka, asubuhi na jioni, halafu naja hapa. Kidude hakikukosea hata siku moja. Mwongo ni mimi."

Hata Redio alinyamaza. Mkuu aliinua chupa, akaifungua, akanusa, akarudi nyuma hatua moja machozi yakimtoka.

"Una punje nyingine?" akamuuliza mkwe.

Mkwe alikuwa nazo. Walizibadilisha, wakafungua madirisha, wakalitoa kopo la Redio mpaka uani, wakangoja punje zipate moto. Kisha mkuu akavua saa yake, akaishika mkononi, akasema kwa sauti ya kazi, "Mama, tafadhali jipake kama kawaida yako."

Inspekta akajipaka goti la kulia. Kimya. Wote wakakitumbulia macho kile kidude. Akajipaka goti la kushoto, akachua, akazungusha kiganja, akapuliza kidogo kusaidia. Kimya bado. Mkwe alikuwa ameuma ngumi.

Piiiiii!

Watu wakashangilia kama mashabiki ambao timu yao imefunga goli. Mkuu alimpa mkono mkwe, kisha kinyozi, kisha akajisahau, akalitikisa na goti la Inspekta kama mkono. Kutoka juu ikasikika sauti ya fundi cherehani ikitukana, na nyayo zake zikishuka mbio kuelekea uani.

"Kiwango hiki cha mvuke ni cha hatari kweli," alisema mkuu, akifuta macho. "Mama, usiwashe jiko ukiwa hivyo. Ungewaka." Akamgeukia mkwe. "Weka kichujio. Tunaendelea na unga wako." Alipofika mlangoni akarudi, akauliza kwa sauti ya chini hiyo dawa inapatikana wapi, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa unamsumbua tangu ngazi zile.

&nbsp;

Walipobaki wawili, mkwe alikaa sakafuni karibu na kiti. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilikusikia. Ulisema ngazi zikinishinda niende kwa mdogo wangu."

"Ni kweli nilisema," mkwe akakiri. "Nilikuwa nakuona ukishika ukuta. Nikawa naogopa siku moja nitakukuta umeanguka. Halafu ukasema unalewa, nikafikiri basi, kumbe kinachomyumbisha ni hicho." Akashika goti moja kwa kiganja, polepole. "Nilisema vile kwa hofu, sikuwa nimekuchoka."

"Ungeniuliza."

"Ungesema ukweli?"

Inspekta akafikiri. "Hapana."

Wakacheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Kisha mkwe akamwambia mumewe kwamba nyumba ya chini upande wa nyuma inaachwa wazi mwisho wa mwezi, na kwamba yeye yuko tayari kuukosa upepo wa juu. Kinyozi alisema kule kuna joto. Mkwe akasema joto halivunji mtu kiuno. Hapo hapakuwa na mjadala zaidi. Daktari alimpa Inspekta vidonge, mazoezi na fimbo. Dawa ya kuchua akaruhusiwa kuitumia, mbali na moto. Redio alirudi kwake akilia, na kituoni dereva alilazimika kupiga honi mara kadhaa kabla hajamaliza kuaga.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba ya chini, Inspekta alifungua mlango, akaweka mguu nje. Ulikuwa uani moja kwa moja. Hakuna ngazi, hakuna ukuta wa kushika. Akatoka na fimbo yake, akaenda dukani, akarudi na mkate.

Baada ya muda mfupi akatoka tena, akarudi na kiberiti. Akatoka tena, akarudi na sindano moja ya kushonea.

Alipoingia na pakiti ya chumvi, mkwe alikuwa anafunga viatu aende kazini. "Mama, chumvi ipo. Pakiti mbili ziko kabatini."

"Najua," alisema Inspekta, akaiweka mezani, akatoka tena.